Haikuzima, ila ilikuwa inakosea: mimi na prosesa ya gigahezi 5.0

Fremu ya 317 ilitoka na mraba mdogo mweusi begani kwa mhusika wangu. Kazi nzima ilikuwa fremu 480, sekunde 20 za uhuishaji, na nilikuwa nimeziacha zichakatwe kwenye Blender, programu ya uhuishaji wa 3D, usiku kucha. Nilipoichakata upya fremu ile moja, mraba haukuwepo. Nikadhani programu imeteleza, nikaendelea na shughuli zangu.

Siku nne baadaye, faili kubwa nililokuwa nimelibana kwa programu ya 7-Zip likagoma kufunguka. Ndani yake mlikuwa na gigabaiti 38 za michoro ya ngozi, vitambaa na kuta, kazi ya siku 11. Ujumbe ulisema CRC hailingani, yaani kilichotoka siyo kilichoingia. Nakala nilikuwa nayo kwenye diski ya nje, isipokuwa ya siku mbili za mwisho. Hizo siku mbili nilizichora upya kwa uchungu, na nilipomaliza ndipo nikaanza kuishuku prosesa.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeiovakloki, yaani nimeisukuma kupita kasi ya kiwandani, hadi gigahezi 5.0. Ni Intel Core i7-8700K, toleo la mwaka 2017, yenye viini sita. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.7. Viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja hufika 4.3, na kiini kimoja kikiwa peke yake hufika 4.7. Herufi K mwishoni inamaanisha kizidishi hakijafungwa: saa ya msingi ni megahezi 100, ukiandika 50 kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, unapata 5.0. Nami niliandika 50, nikaweka volti 1.36, nikaendesha Cinebench, programu ya kupima prosesa, mara tano mfululizo, haikuanguka, nikaridhika.

Kwa wiki hizo tatu kompyuta haikuzima hata mara moja. Hakukuwa na skrini ya buluu, ile ya Windows ikianguka, wala kuganda. Kijana ninayefanya naye kazi aliponikuta nimefungua kasha akaniuliza, "Dada, kama haizimi si iko sawa?" Nilikuwa naamini hivyohivyo, na watu wengi ninaowafahamu wanaamini hivyo hadi leo. Ndiyo sababu naandika.

Ndani ya prosesa kila ishara ina muda wake wa kufika. Kwa gigahezi 5.0, mpigo mmoja wa saa unachukua pikosekunde 200. Katika muda huo hata mwanga unasafiri sentimita 6 tu. Ishara inatakiwa ipite kwenye msururu wa transista, kila moja ikijaza au ikimwaga chaji ya inayofuata, na ifike mwisho kabla mpigo mwingine haujagonga. Volteji ikiwa ya kutosha, transista hujaza upesi. Ikipungua, ishara huchelewa, na mpigo ukigonga kabla haijafika kinachonaswa ni thamani ya zamani. Palipotakiwa kuwa na 1 panabaki 0.

Sasa inategemea hiyo 0 imeangukia wapi. Ikiangukia kwenye anwani ambayo mfumo mzima unaiegemea, kompyuta inaanguka palepale. Ikiangukia kwenye hesabu ya rangi, unapata mraba mweusi begani kwa mtu. Ikiangukia katikati ya faili linalobanwa, huoni dalili yoyote mpaka siku unayolihitaji faili lile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa wiki tatu mashine yangu ilikuwa inaficha maradhi. Afadhali skrini ya buluu, maana yenyewe inapiga kelele.

Ushahidi ulikuwepo muda wote, ila sikuwahi kuutafuta. Nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows nikachuja kwa jina WHEA-Logger, sehemu inayoandika makosa ya maunzi. Tukio namba 19, hitilafu ya maunzi iliyosahihishwa, kosa la pariti la ndani. Yalikuwa 14. Prosesa ilikuwa inajikamata inakosea, inajisahihisha, kisha inaandika. Hayo ni makosa iliyoyaona. Lililoharibu faili langu haikuliona.

Kabla ya kuihukumu nilitaka kuwa na uhakika kwamba mkosaji siyo RAM. Nilikuwa naiendesha kwenye kasi ya 3200 kwa wasifu wake wa XMP, mpangilio wa kasi ulioandaliwa na mtengenezaji wa RAM, na RAM iliyosukumwa inaweza kuharibu faili kwa namna hiyohiyo. Nikairudisha 2666, kiwango ambacho Intel inakitaja kwa chipu hii, nikaendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne. Makosa sifuri. Nikaiacha hapo hapo 2666 kwa muda wote wa majaribio, kwa sababu ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja huwezi kujua kipi kimekupa jibu. Baadaye niliipandisha tena peke yake, ikapita.

Halafu nikanunua daftari la mistari ya mraba, lenye jalada la kijani. Kila mstari una tarehe, kizidishi, volti zilizoandikwa kwenye BIOS, volti zinazosomwa chini ya mzigo, joto la kiini chenye moto zaidi, joto la chumba, na matokeo. Niliirudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani nikaanza upya kutoka chini.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchagua namba kabla ya kuijua chipu. Nilitaka 5.0 kwa sababu ni namba nzuri. Chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja hazifanani. Moja itafika 5.0 kwa volti 1.28 na nyingine itadai 1.40, na huwezi kujua yako ni ipi mpaka uipime. Nilipanda hatua kwa hatua, megahezi 100 kwa wakati, na kila hatua nikatafuta volti ndogo kabisa inayovumilika. Kwa 4.3 ilitosha 1.15. Kwa 4.8, 1.25. Kwa 5.0, hata 1.36 niliyokuwa nikiitumia haikutosha.

Ziweke namba hizo kwenye hesabu uone. Nguvu ambayo chipu inakula inakwenda na kasi, mara volteji kipeo cha pili. Kutoka 4.3 kwa 1.15 hadi 4.8 kwa 1.25, kasi inaongezeka asilimia 12 na nguvu inaongezeka asilimia 32. Ghali, lakini inavumilika. Kutoka 4.8 hadi 5.0 kwa 1.36, kasi inaongezeka asilimia 4 tu na nguvu inaongezeka asilimia 23 nyingine. Ukilinganisha mwanzo na mwisho, nimepata kasi ya asilimia 16 kwa kulipa umeme wa asilimia 63 zaidi. Na hapo sijauhesabu umeme unaovuja kwenye transista hata zisipofanya kazi, ambao nao huongezeka kadiri chipu inavyopata joto. Ule mwinuko wa mwisho ndio unaomeza kila kitu. Siku niliyoichora grafu hiyo daftarini nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Sasa joto. Chipu yenyewe, ukiacha kifuniko cha chuma tunachokiona, ina ukubwa wa takriban milimita za mraba 150, kama ukucha wa kidole gumba. Nikichakata Blender kwa 5.0 inakula wati 150, yaani wati 100 kwa kila sentimita ya mraba. Pasi ya nguo ya wati 1200 yenye bamba la sentimita za mraba 200 inatoa wati 6 tu kwa kila sentimita. Joto lote hilo lazima lipite kwenye chipu, kisha pasta ya kupitisha joto, kisha kifuniko, kisha pasta nyingine, ndipo lifike kwenye kipoza joto na feni. Kizuizi chochote njiani kinaonekana kwenye kipimo.

Kwangu kizuizi kilikuwepo. HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya kompyuta, ilionyesha kiini kimoja kina nyuzi 12 zaidi ya kiini chenye ubaridi kuliko vyote. Niliking'oa kipoza joto nikakuta pasta imejaa upande mmoja, na upande mwingine imebaki utando mkavu: sikukikaza sawasawa siku ya kwanza. Nilifuta kila kitu kwa alkoholi ya isopropili, nikaweka tone moja katikati lenye ukubwa wa punje ya njegere, nikakaza skrubu kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Joto la juu likashuka nyuzi 6, na tofauti kati ya viini ikabaki 5. Sijawahi kupata nyuzi 6 kwa gharama ndogo namna hiyo.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Kwenye 8700K, kati ya chipu na kifuniko chake kuna pasta, siyo lehemu, kwa hiyo watu hukibandua kifuniko na kuweka metali ya kimiminika. Joto hushuka sana. Nililifikiria wiki nzima nikaliacha. Metali ile inapitisha umeme, tone likikimbilia pembeni linaweza kuua kila kitu, na galiamu iliyomo ndani yake huila alumini. Kompyuta hii ndiyo inayonipa kazi. Kwa mtu mwenye chipu ya pili ya kujifunzia ningesema ajaribu.

Kilichonifundisha zaidi ya vyote ni jaribio la 5.0 kwa volti 1.38. Nililiwasha saa nne usiku, chumba kikiwa nyuzi 24, Prime95, programu ya hesabu nzito, ikienda mpaka asubuhi. Saa nane nzima bila kosa. Nikaandika "IMEPITA" kwa herufi kubwa. Kesho yake mchana, chumba kikiwa nyuzi 31, nikarudia jaribio lilelile bila kugusa chochote. Dakika ya 40, saa nane na dakika ishirini mchana, mmoja wa "wafanyakazi" wa Prime95, yaani moja ya hesabu zinazokwenda sambamba, alisimama kwa kosa la ukadiriaji. Chipu ilikuwa nyuzi 95. Transista zenye joto zinakwenda polepole zaidi, na nyaya nyembamba zilizomo ndani ya chipu huongeza ukinzani, hivyo volti iliyotosha usiku haikutosha mchana. Nikifuta lile neno "IMEPITA" nilielewa kwamba kipimo kisichotaja joto la chumba ni nusu kipimo. Tangu hapo napima mchana tu, dirisha likiwa limefungwa.

Naiamini Prime95 kwa sababu ya asili yake. George Woltman aliitengeneza mwaka 1996 kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne, hesabu zinazokwenda kwa wiki na zinazoharibika kabisa likiingia kosa moja, hivyo inajikagua kila hatua. Mwaka 2016 watumiaji wake ndio waliobaini hitilafu ndani ya prosesa za Intel za Skylake zilizokuwa kwenye kasi ya kiwandani, na Intel ikakiri. Wengi husema inatesa chipu kupita kazi yoyote ya kawaida, hasa ikitumia maagizo ya AVX, yanayofanya hesabu nyingi kwa pamoja. Kwa mchezaji wa gemu huenda ni kweli. Lakini injini ya Cycles ndani ya Blender inatumia AVX2 saa zote, kwa hiyo mateso hayo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa ile njia ya kuweka punguzo la AVX, ambapo prosesa inashuka megahezi 200 kila inapokutana na maagizo hayo. Ningebaki na 5.0 ya kusomea barua pepe.

Kuna mpangilio mmoja ambao nilikuwa nauogopa kwa kutouelewa, ule unaoandikwa LLC kwenye BIOS. Ukiweka volti 1.30, prosesa ikipumzika unaona 1.30, ukiipa mzigo unaona 1.24. Nilidhani ubao mama wangu ni mbovu. Kumbe kushuka huko ni kwa makusudi. Mkondo ukiwa ampea 120, na njia ya umeme ikiwa na ukinzani wa nusu miliohmu, unapoteza milivolti 60. Faida yake ni pale mzigo unapoondoka ghafla: saketi za umeme haziwezi kupunguza mkondo papo hapo, hivyo volteji inaruka juu kwa muda mfupi mno, na kwa sababu ilikuwa imezama, inaruka kutoka chini na haivuki mno kiwango ulichoweka. LLC inapunguza kule kuzama. Ukiikaza hadi mwisho, mstari unanyooka kwenye skrini na unapendeza, lakini ile miruko sasa inaanzia juu na inavuka volti ulizoandika. HWiNFO haiwezi kuiona, inasoma mara chache tu kwa sekunde. Anayeiona ni chipu.

Niliiweka LLC katikati na kukubali kuzama kwa milivolti 30 hivi. Angalieni sana hapa: kwenye baadhi ya mbao mama namba 1 ndiyo dhaifu kabisa, kwenye nyingine namba 1 ndiyo kali kabisa. Msinakili namba ya mtu mwenye ubao wa mtengenezaji mwingine.

Na msiache volteji kwenye "Auto" mkipandisha kizidishi. Ubao wangu ulijichagulia 1.42 kwa 5.0. Mtengenezaji hajui chipu yako ni ya aina gani, kwa hiyo anaweka ya kutosha hata kwa iliyo dhaifu kabisa. Na volteji ya juu haiishii kwenye joto la leo. Elektroni zinazosukumwa kwa nguvu kwenye nyaya zile, tena kukiwa na moto, zinazihamisha atomi za metali kidogo kidogo, na chipu iliyokuwa ikitosheka na 1.30 baada ya muda inadai 1.32. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba volteji iliyopanda kupita kiasi ndiyo iliyokuwa ikizichosha baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, na mwezi Agosti ikatoa sasisho la kuizuia prosesa isiombe zaidi ya 1.55. Hizo zilikuwa chipu ambazo wenyewe wengine hawakuwahi kuzigusa. Sisi tunaozigusa kwa mikono yetu tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Mpaka niliojiwekea mimi ni 1.30 chini ya mzigo.

Kwa mpaka huo, 5.0 ikawa imetoka kwenye hesabu. 4.9 ilihitaji 1.31, nikaiacha pia. Nikabaki na 4.8. Kwa 1.25 ilipita Prime95 mchana, lakini siku ya sita ikaonekana WHEA moja, na cha kushangaza ilitokea saa nilipokuwa nasoma tu, mashine haina mzigo. Nikaongeza hadi 1.27.

Hapo nilibuni jaribio langu mwenyewe, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Picha ileile, ikichakatwa na prosesa ileile kwa mbegu ileile ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya programu), inapaswa kutoka ileile hadi pikseli ya mwisho. Kwa hiyo nilichukua fremu ya 317 nikaiagiza Blender iichakate mara 200, kila moja kwenye faili lake, kisha nikazipigia zote hesabu ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili: likibadilika hata kidogo, nayo inabadilika. Ilibidi nizime kwanza metadata, maana Blender inaandika tarehe na muda wa uchakataji ndani ya picha, na kwa hizo tu kila faili lingekuwa tofauti. Nilianza kwa kuirudisha prosesa kwenye 5.0 na 1.36, hali ileile ya wiki zile tatu. Katika picha 200, tatu hazikufanana na wenzake. Moja ilinibidi niitoe kwenye picha sahihi, pikseli kwa pikseli, ili nione tofauti: pikseli nane kwenye ukuta wa nyuma, zimepauka kidogo. Kompyuta haikuzima.

Kwenye 4.8 na 1.27, LLC ikiwa katikati, chumba nyuzi 31, kiini chenye moto zaidi kikiwa nyuzi 76, picha 200 zilitoa hesabu moja. Nikarudia siku tatu mfululizo. Moja.

Nilimwandikia mteja nikamweleza kilichotokea, nikazichakata fremu zote 480 upya na kumpelekea. Kati ya zile za kwanza, ukiacha 317, nyingine mbili zilikuwa na makosa ambayo hakuna aliyeyaona, mimi wala yeye. Yule kijana sasa ana daftari lake, la bluu. Jana alinionyesha mstari wake wa kwanza: kizidishi 46, volti 1.19, chumba nyuzi 30, na kwenye safu ya matokeo ameandika "bado napima."